Antigone hakubembeleza mtu, ila waangalie waliobaki

Kila nikisikia mtu anasema Antigone alikuwa mbishi tu na ubishi wake ndo uliomuua bila kumsaidia yeyote, naumia kwa kweli, maana mimi nikiisoma hii tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, ya miaka kama 441 kabla ya Kristo, nawaangalia zaidi wale walio pembeni yake.

Kisa wengi mnakijua. Kaka zake wawili wameuana wakigombea mji wa Thebes, mjomba wao Creon kashika utawala na kapiga marufuku mmoja wao, Polynices, asizikwe, aachwe aliwe na ndege na mbwa. Antigone akaenda akamfunika kwa vumbi, vumbi tu jamani, na walinzi walipolipangusa akarudi tena mchana kweupe, analia kama ndege aliyekuta kiota kitupu, akaokota vumbi jingine kwa mikono yake na kummiminia marehemu kinywaji cha sadaka mara tatu kutoka kwenye chombo cha shaba. Aliyewahi kutupa mchanga kaburini kwa mkono wake hahitaji kuelezwa hapo.

Yule mlinzi aliyemkamata anafurahi kuiokoa roho yake lakini anakiri inamuuma. Haemon, mchumba wake ambaye ni mtoto wa Creon, anaanza kwa adabu zote, baba mimi ni wako, halafu anamwambia ukweli ambao hakuna aliyethubutu: watu huko gizani wananong'ona, wanamlilia huyu binti, wanasema anastahili heshima ya dhahabu. Baba akiwaka, kijana anamjibu kwamba mji wa mtu mmoja si mji. Hayo maneno kayatoa wapi kama sio kwa yule binti?

Ila mimi Creon ndo ananimaliza. Kaamuru Antigone afungiwe pangoni akiwa hai, halafu nabii kipofu Tiresias kamtisha, kaogopa, wazee wakamwambia nenda kamtoe binti pangoni kwanza kisha uzike maiti, yeye akageuza, akaanza na maiti. Akauosha mwili, akauchoma kwa matawi mabichi, akarundika udongo ukawa kilima. Yaani mfalme mzima kaimaliza kazi ya Antigone kwa utaratibu wote, na wakati anarundika udongo mwenzie huko pangoni keshajinyonga! Akafika anasikia sauti ya mwanae inalia ndani. Haemon akajiua, mama yake Eurydice naye akajiua.

Mandela na wenzake waliwahi kuiigiza hii tamthilia wakiwa gerezani Robben Island, yeye mwenyewe akacheza Creon, na mimi sishangai kwamba wafungwa wa siasa waliichagua hii.

Sasa Ismene, dada yake Antigone. Mwanzoni alikataa kusaidia kuzika, akasema sisi ni wanawake hatuwezi kupambana na wenye nguvu, na simlaumu, wangapi tungesema tofauti? Lakini dada yake aliposhikwa alikuja mbele ya Creon machozi yanamtoka, akasema na mimi nilishiriki, wakati hata punje ya vumbi hakugusa, alikuwa tayari kufa kwa kosa ambalo hakulifanya. Antigone akamkatalia kwa ukali, na mpaka leo sijui nimsamehe vipi kwa hilo. Akipelekwa pangoni anajiita binti wa mwisho aliyebaki katika ukoo wa wafalme, Ismene yupo hai pale nyumbani, na hadi tamthilia inaisha hakuna tena anayemtaja.