Wanasoka wenye asili ya Kiyahudi: nani ana haki ya kuwataja?

Orodha za wanasoka wa kulipwa wenye asili ya Kiyahudi zimetapakaa mtandaoni. Nyingine zimeandikwa na Wayahudi wenyewe kwa fahari, nyingine na watu wasiowatakia mema, na mara nyingi majina yaliyomo ni yaleyale. Kwa hiyo ubishi kama orodha hizo zinafaa au hazifai hauwezi kumalizwa kwa kuyatazama majina tu. Inabidi kuuliza jina limefikaje humo, na kwa faida ya nani.

Anayetaka kuelewa kwa nini orodha hizi zina watetezi na aanze na Julius Hirsch na Gottfried Fuchs. Wote wawili waliichezea Karlsruher FV, mabingwa wa Ujerumani wa mwaka 1910, na wote wawili wakaitwa timu ya taifa. Mwezi Machi 1912 Hirsch alifunga mabao manne katika sare ya 5-5 dhidi ya Uholanzi. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Fuchs aliwafunga Warusi mabao kumi katika ushindi wa 16-0, na hadi leo hakuna Mjerumani aliyefikia idadi hiyo katika mechi moja ya timu ya taifa. Hirsch alipigana Vita Kuu ya Kwanza akatunukiwa nishani ya Msalaba wa Chuma. Aprili 1933 alisoma gazetini kwamba vilabu vikubwa vya kusini mwa Ujerumani, chake kikiwamo, vimekubaliana kuwaondoa Wayahudi. Akakiandikia klabu chake barua ya kujitoa, akiomba isisahaulike kwamba miongoni mwa watu hao wanaochukiwa wamo walioonyesha uzalendo wao kwa matendo na kwa damu yao. Tarehe 1 Machi 1943 alipakiwa kwenye treni iliyokwenda Auschwitz, kambi ya maangamizi ya Wanazi waliokuwa wakiitawala Ujerumani tangu 1933. Njiani, kutoka Dortmund, alituma kadi ya kumtakia binti yake heri ya siku ya kuzaliwa. Hakurudi.

Hata kabla hajakamatwa, jina lake lilikuwa limekwisha kuondolewa kwenye kumbukumbu za soka. Mwaka 1939 jarida la Kicker lilitoa chapisho kuhusu wachezaji wa timu ya taifa, na humo Hirsch na Fuchs hawakuwamo, ingawa jarida hilo lilianzishwa mwaka 1920 na Myahudi, Walther Bensemann, aliyekimbilia Uswisi na kufia huko mwaka 1934. Fuchs alihamia Kanada. Mwaka 1972 kocha mstaafu wa timu ya taifa, Sepp Herberger, alipendekeza aalikwe kwenye mechi ya ufunguzi wa Uwanja wa Olimpiki wa Munich, lakini Shirikisho la Soka la Ujerumani halikuafiki, na Fuchs mwenyewe alifariki Montreal mwezi Februari mwaka huo. Tuzo ya Julius Hirsch, ambayo shirikisho hilo hulitumia jina lake kuwaenzi wanaopinga ubaguzi, ilianza kutolewa mwaka 2005 tu. Wapo wanaosema kwamba asili ya mchezaji haihusiani na soka. Wao watueleze kwa nini asili hiyohiyo ilitosha kuyafuta mabao kumi.

Iko pia hoja ya fahari, nami siibezi. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa kawaida huko Ulaya kumdhihaki Myahudi kuwa mtu wa vitabu na fedha, asiye na mwili wa kuhimili michezo. Klabu ya Hakoah Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1909, ilijibu dhihaka hiyo uwanjani: mwaka 1923 iliichapa West Ham mabao 5-0 jijini London, na mwaka 1925 ikatwaa ubingwa wa Austria. Mmoja wa wachezaji wake, Béla Guttmann, baadaye aliifundisha Benfica na kutwaa nayo Kombe la Ulaya mwaka 1961 na 1962. Kijana wa Kiyahudi anayelijua hilo ana haki ya kujivunia.

Hata hivyo, upande wa pili una uzito mkubwa, na uzito huo unaanzia palepale kwa Hirsch. Mkewe alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti. Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, ambayo hufuata ukoo wa mama, watoto wao wawili hawakuwa Wayahudi. Wanazi, waliohesabu mababu na mabibi, waliwapeleka kambi ya Theresienstadt Februari 1945, wakanusurika. Sheria ya Kurejea ya Israel, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1970, humpa haki ya uraia hata mtu mwenye babu au bibi mmoja tu Myahudi. Chukua mfano wa David Beckham, ambaye mwenyewe amezungumza hadharani kuhusu babu yake mzaa mama aliyekuwa Myahudi. Babu huyo peke yake hamfanyi kuwa Myahudi kwa sheria ya dini, ila anatosha kumpa haki hiyo ya uraia. Mwandishi wa orodha anayemwingiza au kumwacha amekwisha kuchagua kipimo kimojawapo, na mara nyingi hata hakitaji.

Baya zaidi ni kukisia. Watu huangalia jina la ukoo, sura, au jezi, kisha hutoa hukumu. Bibras Natcho aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Israel ni Mwislamu wa jamii ya Waserkasi. Eli Dasa, naye nahodha wa timu hiyohiyo, ni Myahudi ambaye asili yake ni Ethiopia, na wapo wengi ambao kwa kumtazama tu wasingemdhania hivyo. Kosa la namna hii likimwangukia mchezaji aliye hai, siku ambayo amekosa penalti na mashabiki wenye hasira wanatafuta cha kumtukania, ni yeye na familia yake watakaobeba matusi hayo.

Mwaka 2011 Ufaransa ilikutana na jambo hili waziwazi. Programu ya simu iliyomwezesha mtumiaji kutafuta kama mtu fulani maarufu ni Myahudi au la ililalamikiwa vikali na vyama vya kupinga ubaguzi, na Apple ikaiondoa. Aliyeitengeneza alikuwa Myahudi mwenyewe, na alisema nia yake ilikuwa fahari. Naamini alisema kweli, na bado nakubaliana na walioipinga. Sheria ya Ufaransa inakataza kukusanya taarifa za dini au asili ya mtu bila ridhaa yake, na nia njema ya mkusanyaji haimzuii mwingine kuitumia orodha hiyohiyo kwa ubaya.

Kwa hiyo siwezi kuwapima walio hai kwa kipimo cha waliofutwa. Benny Feilhaber, aliyeifungia Marekani bao la ushindi dhidi ya Mexico katika fainali ya mwaka 2007 ya Gold Cup, kombe la mataifa ya Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani, alizaliwa Rio de Janeiro, mjukuu wa Myahudi wa Austria aliyekimbilia Brazil mwaka 1938. Mwaka 2005 alishiriki Michezo ya Maccabiah, ambayo huwakutanisha wanamichezo wa Kiyahudi kutoka nchi mbalimbali. Kumtaja yeye si kumfichua, kwa kuwa alijitokeza mwenyewe. Vilevile klabu ya Israel ina sababu halali ya kutaka kujua asili ya mchezaji inayemsajili, kwa maana akipata uraia hahesabiwi tena katika idadi ya wageni inayoruhusiwa kwenye ligi. Lakini hata hapo mchezaji ndiye anayeomba, na ndiye anayewasilisha vyeti vya babu na bibi zake.