Baa za rock za Australia: zilipika bendi au zilitafuna watu?

Kuna hoja moja naisikia kila rock ya Australia inapotajwa, hasa kutoka kwa watu wazima waliokuwepo enzi zile: kwamba bendi za leo ni laini kwa sababu hazijawahi kurushiwa chupa. Eti AC/DC, Cold Chisel, The Angels, Midnight Oil, Rose Tattoo, wote walipikwa kwenye baa za miaka ya 70 na 80 mbele ya umati uliolewa, usipowashika dakika mbili za mwanzo glasi inakuja kichwani, na ndio maana walipotoka nje ya nchi hakuna jukwaa lililowatisha. Upande wa pili kuna wanaosema hizi kumbukumbu za nyuma ya jukwaa zimepakwa rangi, zile baa zilikuwa hatari tupu, na wanaotusimulia utamu wake ni wale waliotoka salama. Mimi hizi stori nazipenda sana, nimezifuatilia miaka mingi, na nadhani wote wameshika kitu cha kweli ila wanakichanganya na kingine kisichohusika.

Tuanze na baa zenyewe maana bila kuzijua huwezi kuielewa ile sauti. Mwaka 1916 majimbo kama New South Wales, Victoria na South Australia yaliweka sheria baa zifungwe saa kumi na mbili jioni, sasa fikiria mtu anatoka kiwandani saa kumi na moja, ana lisaa limoja tu, kwa hiyo ni kugugumia bia umesimama mpaka kengele ya kufunga, na kuta zikapigwa vigae ili baadaye wamwage maji wasafishe kama bucha. New South Wales waliiondoa hiyo sheria 1955, Victoria 1966, South Australia 1967. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 New South Wales na South Australia wakashusha umri wa kunywa hadi 18. Yaani ghafla mwenye baa ana masaa mengine ya kuuza usiku, ana majumba makubwa pembezoni mwa mji, na mtaa mzima umejaa vijana wenye mshahara. Kilichobaki ni kitu cha kuwafanya wasiondoke. Ndio bendi zikaingia, kwenye vyumba vya vigae ambavyo sauti inagonga ukuta inarudi, watu wanapiga kelele juu yake, basi dawa ni kuongeza tu. Mwimbaji Billy Thorpe na bendi yake Aztecs walishaonyesha njia mapema kwa makelele yao ya kupasua masikio, waliofuata wakapita humo humo.

Na waliopanda majukwaani wengi walikuwa watoto wa wahamiaji, hili watu hulisahau. Malcolm na Angus Young wa AC/DC familia yao ilitoka Glasgow 1963, kaka yao George akakutana na Harry Vanda, Mholanzi, kwenye kambi ya wahamiaji ya Villawood pale Sydney, na hao wawili ndio baadaye walisimamia rekodi za AC/DC, The Angels na Rose Tattoo. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alizaliwa Scotland, Jimmy Barnes, mwimbaji wa Cold Chisel, naye Glasgow akakulia Elizabeth, mji wa viwanda karibu na Adelaide, Doc Neeson wa The Angels alizaliwa Belfast. Walioko mbele ya jukwaa na walioko juu yake walikuwa wametoka nyumba za aina moja, zenye shida zilezile.

Sasa hoja ya kwanza, kwamba baa zilikuwa shule. Hii mimi naikubali kabisa, ila tuseme vizuri shule yenyewe ilifundisha nini. Bendi ilikuwa inapiga usiku baada ya usiku, leo Royal Antler kule Narrabeen walikoanzia Midnight Oil, kesho Bondi Lifesaver, keshokutwa mko kwenye gari mnaenda Melbourne, karibu kilomita 900, mnashusha vyombo wenyewe mnapiga mnapakia tena. Cold Chisel mwaka 1974 walihama bendi nzima kwenda mji mdogo wa Armidale kwa sababu mpiga kinanda wao Don Walker alikuwa anamalizia masomo yake ya fizikia, wakakaa huko wanafanya mazoezi wakimsubiri, halafu wakarudi Adelaide na Largs Pier Hotel ikawa kama nyumbani kwao. Huwezi kupiga siku nyingi hivyo na watu walewale kwa miaka minne kabla hata ya kutoa albamu ukabaki mbovu. Mpiga dramu anajua gitaa linaenda wapi kabla halijaenda.

Halafu hela. Mwanzoni wakala ndio alikuwa na nguvu, anawapangia baa, mnapewa kiasi fulani, mwenye baa anavuna zake. Mwishoni mwa miaka ya 70 mameneja wa Cold Chisel, The Angels na bendi nyingine wakaungana wakaanzisha kampuni yao, Dirty Pool, na msimamo wao ulikuwa kwamba mwenye baa achukue ya bia, kiingilio cha mlangoni kiende kwa bendi. Inaonekana jambo dogo lakini ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa sababu sasa ukipiga vizuri wiki hii wiki ijayo foleni inaongezeka na hela inaongezeka, na bendi inaweza kuishi bila kubembeleza televisheni. Midnight Oil waligoma kabisa kutokea Countdown, kile kipindi kikubwa cha muziki cha ABC, televisheni ya taifa ya Australia, na Cold Chisel kwenye tuzo za 1981 walipanda wakapiga wimbo mmoja kisha wakavunja vyombo jukwaani kupinga gazeti lililodhamini. Jeuri ile ilikuwa na mgongo wa kuegemea, mlangoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia baa ziliwajenga nasema ndio, ziliwajenga kwa wingi wa siku za kazi na kwa hela iliyofuata ubora. Akisema ni chupa na ngumi ndizo ziliwajenga, hapo tunaachana. Angalia Men at Work. Colin Hay na Ron Strykert walianza wawili tu na magitaa, bendi ikakua ikawa inapiga kila mara Cricketers Arms, baa ndogo ya Richmond pale Melbourne, wala sio mahali pa kusifika kwa vurugu, na mwanzoni mwa 1983 albamu yao na singo yao zilikuwa namba moja Marekani na Uingereza kwa wakati mmoja. Walichopata kwenye ile baa ni kurudi palepale kila wiki, basi.

Ila siwezi kusema umati haukuchangia chochote, maana kuna stori ya The Angels ambayo kila nikiifikiria inanivuta huku na huku. Wimbo wao wa kwanza, wa 1976, ulianza kama wimbo wa taratibu wa majonzi, kijana amempoteza mpenzi wake kwenye ajali ya pikipiki, anauliza kama atauona tena uso wake. Wakauchangamsha ili uweze kusikika kwenye baa. Miaka ikapita, wakawa wanapiga kwenye miji ya mbali, Doc Neeson anauliza lile swali kwenye kiitikio na ukumbi mzima unamjibu kwa matusi mazito ya kumfukuza. Hawakuandika wao yale majibu, mitaa ndiyo iliyaandika, yakasambaa nchi nzima bila redio wala gazeti, mpaka leo huwezi kuupiga huo wimbo Australia bila watu kuitikia. Mtu wa upande wa kwanza atakwambia huo ndio utamu wa baa, wimbo unakuwa mali ya wote. Na ni kweli. Lakini pia ni msiba wa mtu uliofunikwa na walevi, na aliyeubeba rohoni alilazimika kusimama pale kila usiku akicheka nao. Mimi yote mawili nayaona na sitaki kuchagua moja.

Gharama ndipo upande wa pili unaponishika koo. Bon Scott alikutwa amekufa kwenye gari London Februari 1980, ana miaka 33, pombe. Barnes alikuwa anapanda na chupa ya vodka mkononi, watu wanashangilia ile chupa kama sehemu ya shoo, na miaka mingi baadaye ameandika mwenyewe waziwazi kuhusu ulevi, dawa, utoto uliojaa vipigo, mpaka kufikia kutaka kujiua. Hivyo vyote tulikuwa tunaviona jukwaani tunaita nguvu. Wanawake je? Chrissy Amphlett, mwimbaji wa bendi ya Divinyls, alisimama mbele ya kumbi zilizojaa wanaume waliolewa, akavaa sare ya shule na akatengeneza mhusika mkali wa kuwatisha wao kabla hawajamtisha, na tunamsifu, anastahili, lakini jiulize wangapi walifika mlangoni wakageuza. Waaboriginal, wenyeji wa asili wa Australia, ndio kabisa, baa nyingi ziliwakataa hata kama wateja wa kawaida. Warumpi Band kutoka Papunya walitoa mwaka 1983 rekodi ya kwanza ya rock kwa lugha ya Kiaborigini, na 1986 walizunguka na Midnight Oil kwenye jamii za mbali jangwani, huko watu walikaa chini kwenye vumbi na watoto wao kusikiliza. Shule ya baa wao hawakuandikishwa.

Na kuna wale wabebaji wa vyombo na mafundi mitambo. Hawa hawana wimbo. Wanashusha spika nzito ngazini mchana, wanapandisha tena saa tisa usiku, halafu wanaendesha lori mpaka asubuhi wakati bendi imelala, bila mkataba, bila bima, bila akiba ya uzeeni.

Kuhusu kwamba enzi hizo ziliisha kwa sababu vijana wamelegea, hiyo siikubali hata kidogo. Desemba 1982 polisi wa New South Wales walianza kusimamisha madereva popote na kuwapima pombe, jambo lililookoa maisha ya watu wengi na naliunga mkono, ila lilipunguza wateja wa baa za mbali ambazo unafika kwa gari tu. Mwaka 1997 baa za jimbo hilo zikaruhusiwa mashine za kamari, zile Bongo wanaita dubwi, na mashine haiombi chumba cha kubadilishia nguo wala haichelewi kujaribu sauti kabla ya shoo, inakaa tu pale palipokuwa jukwaa inakusanya. Melbourne Januari 2010 baa ya Tote ilifungwa kwa masharti ya leseni yaliyotaka walinzi kama vile muziki wenyewe ndio fujo, na mwezi uliofuata maelfu ya watu, wazee kwa vijana, waliandamana hadi bungeni. Hao ndio wanaoitwa laini.

Kuanzia 2020 chama cha wafanyakazi wa jukwaani wa zamani kimekuwa kikitoa zile rekodi walizochukua mafundi mitambo moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, usiku wa kawaida wa kazi, kaseti zilizokaa kwenye maboksi miaka 40. Bendi zimeruhusu, na mapato yanaenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wabebaji na mafundi walioishiwa, wagonjwa, waliovunjika mgongo. Ukisikiliza utasikia bendi ikiwa moto kuliko studio, na aliyebonyeza kitufe cha kurekodi usiku ule ndiye aliyekuwa bado na lori zima la kupakia.