Wenyeji Hawana Sifa, Eti

Ofisa mmoja wa mkandarasi, jina nalihifadhi, alisimama kwenye kikao cha mtaa hapa Tanga akatuambia kazi zipo tele, tatizo "wenyeji hawana sifa". Akamaliza kwa kututakia juhudi njema. Ahsante sana.

Kauli yenyewe wala si mpya. Enzi za mashamba ya mkonge, walowezi wakisomba manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka bara, kisingizio kilikuwa hichohicho: watu wa pwani wavivu. Leo kimevalishwa tai tu.

Tushuke pale Deep Sea, kwenye diko la wavuvi. Kuna mafundi wanaotia kalafati chombo kikakaa majini msimu mzima bila kuvuja. Kuna vijana wanaofumua injini ya boti wakairudisha, na spea wakachonga wenyewe. Hao ndio wanaoambiwa wakaanze kozi ya ufundi tangu sifuri, pamoja na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Jamani! Na huku serikali ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanampima fundi palepale kazini kwake, pengo lake linazibwa kwa mafunzo mafupi, anapata cheti. Hakuna haja ya kumkalisha dawatini mtu mwenye wajukuu. Basi kila mradi unaotia mguu Tanga, kabla haujamwaga kokoto, uwalipie mafundi wa kata ile wapimwe. Jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Uganda liliwekwa hapahapa Tanga, Chongoleani, mwaka 2017. Nani leo atasema haja ya mafundi imetushtukiza?

Na kama darasa ni lazima, muulizeni mvuvi ratiba yake. Wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea yuko nyumbani. Wekeni mafunzo hapo, mtampata. Mkiyaweka wakati wa giza akakosekana, msiende kuandika kwenye ripoti kwamba "mwamko ni mdogo". Mwamko anao. Na watoto wa kulisha pia anao.

Nakubali, shingo upande, wapo vijana wetu wanaopata nafasi kisha wiki ya pili unawakuta kijiweni. Wapo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo imewasaidia wengine, ila mkopo si mshahara.

Halafu matangazo ya kazi. La mwisho kuliona mimi, ofisi ya kata, lilikuwa Kiingereza kitupu, kazi yenyewe ya kupika kambini, na mwisho wa maombi ulikuwa jana yake.