Wazee Wetu Hawakufanya Mazoezi: Hoja Yenye Ukweli Nusu

Mtu aliyepita miaka 50 anaposhauriwa apunguze chumvi, atenge muda wa mazoezi na apime presha, hakosi wa kumtetea kwa kusema kwamba babu zetu hawakuwahi kuvaa raba wakakimbia alfajiri, wala hawakujua kipimo cha presha, na bado walifika miaka 90 wakitembea wenyewe. Wataalamu huipuuza hoja hii haraka mno, na vijiweni hukubaliwa haraka mno.

Ukweli wake si mdogo. Babu huyo hakuhitaji mazoezi kwa sababu siku yake yote ilikuwa mazoezi: alilima kwa jembe la mkono na kwenda mnadani kwa miguu, na bibi alipika akiwa amechuchumaa mbele ya mafiga, akala mkekani, akainuka bila kushika ukuta. Hata choo kiliwataka wachuchumae. Sisi tumerithi sahani yao bila jembe lao, tena sahani yenyewe imebadilika, kwa kuwa ugali wa dona umekuwa wa sembe, na matembele na kunde vimesogezwa pembeni kuipisha chipsi. Anayesema turudi kwenye vyakula vya wazee basi hajakosea. Amesahau tu kwamba chakula kile kilikuwa na kazi ya kukisindikiza.

Udhaifu wa hoja uko kwenye hesabu. Babu tunayemtaja ni yule aliyefika; wenzake walioanguka shambani wakiwa na miaka 55 hatukuwaona, na vifo vyao viliitwa vya ghafla au vilidaiwa kuwa vya kurogwa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusema kwamba ni kiharusi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi ulikuwa chini ya miaka 45. Ni kweli kwamba wastani huo ulishushwa hasa na vifo vya watoto, kwa hiyo si haki kuutumia kudai kwamba watu wazima wote walikufa mapema. Lakini haki hiyohiyo inatukataza kuwafanya wachache waliobahatika kuwa kipimo cha kizazi kizima.

Tena kazi ya sulubu si lazima iwe dawa. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba waliojishughulisha zaidi wakati wa mapumziko walipata magonjwa makubwa ya moyo kwa uchache na kuishi zaidi, ilhali waliofanya kazi nzito za mwili walikuwa kinyume chake. Wapo wanaoupinga ufafanuzi huo, wakisema mwenye kazi nzito huandamwa pia na kipato kidogo na mambo mengine ambayo takwimu haziwezi kuyatenga yote, na pingamizi hilo naliona lina uzito. Hata hivyo, yeyote aliyemwona mkulima wa miaka 60 akijinyoosha mgongo baada ya msimu wa palizi hatashangazwa sana na matokeo yale.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipitia juu juu ni nguvu ya mapaja. Klabu za jogging za Dar es Salaam zimewatoa watu wengi vitandani siku za Jumamosi, nazo zinastahili sifa, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukuishia kwenye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Misuli hupungua polepole tangu ujana unapokwisha na huongeza kasi baada ya miaka 60, na kwa wanawake kukoma kwa hedhi huharakisha kudhoofika kwa mifupa. Habari njema ni kwamba mlango haufungwi mapema: mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa wazee dhaifu 10, wenye umri wa karibu miaka 90, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, na baada ya wiki nane nguvu zao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Kwa mtu wa makamo asiye na ugonjwa wa magoti, kuinuka kitini mara kumi bila kutumia mikono ni mwanzo usiohitaji ada ya jimu. Mwenye magoti mabovu amuulize kwanza mtabibu.

Presha nayo haitibiki kwa jasho peke yake. Katika uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012, takriban robo ya watu wenye miaka 25 hadi 64 walikutwa nayo, na kwa kawaida haiumi, kwa hiyo asiyepima hana namna ya kuijua. Ndiyo maana ushauri mmoja kwa wote hunitia shaka. Mama lishe wa miaka 56 anayesimama jikoni tangu saa kumi alfajiri, ukimwambia akimbie, umemtukana. Kinachomfaa ni kupima presha, kushusha chumvi iwe chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, na kupata usingizi ambao biashara yake humnyima. Karani wa umri wake, aliyekaa kitini kwa miaka 30 akisubiri kustaafu akiwa na miaka 60, huenda kadi yake ya kliniki imejaa vipimo vyote, naye ndiye wa kupewa jembe.