Acheni kuzing'arisha saa za fedha

Mtu akipata saa ya mfukoni ya zamani, ile ya kasha la fedha lenye nakshi, haulizi kwanza inatoka wapi. Anatafuta kitambaa na dawa ya kung'arishia. Anasugua mpaka saa inameta, anaipiga picha, anatangaza kuwa imerudi upya. Mimi picha hizo zinaniuma. Weusi ulioota juu ya fedha haukutoka nje ukagandia. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa iliyomo hewani. Ukiuondoa, umeondoka na fedha kiasi. Mara moja si neno. Lakini saa ya karne ya 19 imeshapita mikononi mwa watu wangapi wenye bidii ya usafi?

Na nakshi haina kina kirefu kiasi hicho. Chukua kasha lililokerezwa kwa mashine, lenye vijistari vinavyojipinda kama mawimbi kutoka ukingoni hadi katikati. Ligeuze kidogo kidogo kwenye mwanga uone jinsi mng'ao unavyokimbia. Lile si pambo tupu. Kasha laini hushika alama za vidole na kila mkwaruzo wa funguo na sarafu. Lenye vijistari huficha yote hayo, tena halitelezi mkononi. Breguet, fundi mkubwa wa Paris, alitumia ukerezaji huo hata kwenye uso wa saa, mwishoni mwa karne ya 18. Uso ukikerezwa hauakisi mwanga ovyo, na mishale inasomeka vizuri. Sasa mtu anakuja na dawa yake anasawazisha vilele vya vijistari hivyo, halafu anashangaa kwa nini kasha limekuwa butu.

Makasha ya Kiingereza ya karne ya 18 ndiyo yameumia zaidi. Saa nyingi za wakati ule zilikuwa na makasha mawili, moja ndani ya jingine, na lile la nje mfua fedha aliligonga kwa upande wa ndani mpaka picha ikatokeza nje: miungu ya Kigiriki na Kirumi, mashujaa, farasi. Kinachotokeza ndicho kinachosuguliwa kwanza. Matokeo yake unakutana na mungu wa kike mwenye nguo yenye mikunjo safi kabisa lakini hana pua wala macho. (Katikati ya makasha hayo mafundi walikuwa wakiweka kikaratasi cha mviringo chenye jina na anwani yao. Ukikikuta, kiache palepale.)

Kuna na zile zilizotiwa rangi nyeusi kwa makusudi, kazi ambayo mji wa Tula kule Urusi umesifika nayo. Fundi anachonga mifereji, anaijaza mchanganyiko wa fedha, shaba, risasi na salfa, kisha anauyeyusha humo. Weusi ndio picha yenyewe. Dawa ya kuchovya haijui tofauti kati ya weusi huo na ule wa kuzeeka.

Najua wapo watakaosema saa ni mashine na kasha ni nguo tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Saa ya Kiingereza, mara nyingi mwaka wake utausoma ndani ya mfuniko, siyo kwenye mitambo: kuna simba anayetembea, maana yake fedha ni asilimia 92.5, kuna alama ya mji, nanga ikiwa ni Birmingham, miganda ya ngano na upanga ikiwa ni Chester, kuna herufi ya mwaka, na kuna herufi za mtengeneza kasha, ambaye kwa kawaida siye aliyetengeneza saa. Pembeni, ukishika lenzi, utaona namba na tarehe zilizokwaruzwa kwa ncha ya sindano. Hizo ni kumbukumbu za mafundi waliowahi kuifungua. Anayesugua mpaka ndani anafuta daftari zima. Na mwaka 1980, bei ya fedha iliporuka hadi karibu dola 50 kwa aunsi, makasha mengi yaliyeyushwa na mitambo ikabaki uchi kwenye madroo. Mitambo ile bado inaweza kupiga. Historia yake imekwenda na kasha.

Kwa hiyo ukiwa nayo, ifute kwa kitambaa laini kikavu. Usiifunge kwa mpira wa kufungia karatasi wala kuizungushia sufu, vyote vina salfa. Mpe fundi saa aisafishe na kuitia mafuta ndani, halafu itumie. Ikishikwashikwa, sehemu zilizoinuka hubaki nyeupe zenyewe na weusi hujificha mferejini, na hapo nakshi husomeka kuliko ilivyo baada ya dawa yoyote.

Zile herufi za mwenyewe wa kwanza, ndani ya ngao ndogo katikati ya mfuniko, nazo ziacheni. Wauzaji wanapenda kuzifuta ili mnunuzi atie zake. Ukitaka kujua kama saa unayouziwa imefanyiwa hivyo, pitisha dole gumba polepole juu ya ngao. Pakiwa pamebonyea na bati linacheza ukilikandamiza, herufi zilikuwepo, na fedha iliyokuwa chini yake imekwenda nazo. Mimi saa ya namna hiyo hairudi nami nyumbani, hata mitambo yake iwe mizuri vipi.