Bangili ya kuzuia kutafuna kucha: kabla hujacheka

Mwenzetu ofisini hapa Upper Hill, Nairobi, alikuja juzi na bangili nyeusi inayotetema kila mkono unapoelekea mdomoni. Chai ya saa nne ikawa kicheko. "Bwana, mtu mzima na ndevu zako unanunua mashine ikukataze kutafuna kucha? Si ungejipaka shubiri, kama mama zetu walivyotupaka!"

Hoja hiyo ina uzito wake. Shubiri haichajiwi. Bangili kama Keen ya kampuni ya HabitAware ni ya kuagiza Marekani, na kihisi mwendo kilicho ndani hutambua tu mwendo wa mkono ambao umekifundisha, kama ule wa kuupandisha mdomoni. Umebeba nini, hakijui. Mwenzetu hula ugali kwa mkono kama sisi sote. Kila tonge, bangili inamtetemesha. Siku ya kwanza aliivua, akaiweka kando ya sahani, akaikumbuka jioni.

Lakini wanaocheka wanadhani tatizo ni uzembe. Mwangalie mtafuna kucha ndani ya matatu iliyokwama Pangani. Macho yako barabarani, kidole gumba kinapapasa kucha za vidole vya jirani kwenye mkono huohuo kutafuta palipokwaruza. Kikipagusa, mkono unapanda wenyewe. Anashtuka nyama imechubuka na damu inachuruzika. Hakuna dakika aliyoamua kutafuna. Sasa huyu ajizuie saa ngapi?

Ndiyo maana tiba ya kubadili mazoea, iliyoelezwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka 1973, huanza kwa kumfundisha mtu kuunasa mkono unapoondoka, ndipo apewe kazi nyingine ya kuufanyisha, mathalani kukunja ngumi. Shubiri humwamsha mtu ikishagusa ulimi, na akinawa imekwenda. Bangili humwamsha mkono ukiwa njiani.

Wapo watakaonitajia utafiti wa Steffen Moritz na wenzake wa Hamburg, uliotoka 2023. Ulikuwa na watu 268: watafuna kucha, wanaojing'oa nywele, wanaojichubua ngozi. Waliofundishwa kusugua vidole taratibu badala ya kujidhuru, asilimia 53 waliona nafuu baada ya wiki sita; waliowekwa kusubiri, asilimia 20. Hawakuvaa kifaa chochote. Basi bangili ya nini?

Swali hili nimelizungusha kichwani siku kadhaa, na kila mara narudi kwa wale 47 katika kila mia ambao hawakupata nafuu. Ili usugue vidole badala ya kutafuna, sharti kwanza ujue kwamba ulikuwa unakwenda kutafuna. Nadhani wengine walikwama hapo hapo. Bangili pekee haitoshi, maana mtetemo nao huzoeleka kama kengele ya asubuhi. Ila ikiunganishwa na kule kusugua, naiona ikifanya kazi ambayo nia peke yake haiiwezi.

Mwenzetu, kwa kuuokoa mlo wake, ameihamishia mkono wa kushoto. Kucha za kushoto zimeanza kuota ukingo mweupe. Za kulia, mkono wa ugali, bado zimeliwa hadi nyamani.