Nani Kakwambia Tamron ni Feki?

Jumapili iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kamati ya harusi pale Sinza, nikajieleze kama mpiga picha na kutaja bei. Nilibeba albamu mbili na begi la vifaa. Albamu hazikufunguliwa. Katibu wa kamati, baba wa makamo mwenye daftari la michango kwapani, aliomba aione kamera. Akaigeuzageuza kama mtu anayekagua mbuzi wa ndafu, kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, pete nyekundu iko wapi?"

Kumbe ana mpwa wake anayepiga picha, na mpwa keshamfundisha kwamba lenzi ya maana ya Canon lazima iwe na mstari mwekundu kule mbele. Nikamjibu, "Kaka, hii ni Tamron," yaani lenzi ya kampuni nyingine inayoingia kwenye kamera ya Canon. Ukumbi ukanyamaza, utadhani nimekiri kwamba hata suti niliyovaa ni ya kuazima. Mama mmoja akasema, tena kwa huruma kabisa: "Si mbaya mwanangu, ila sisi tunataka orijino."

Orijino. Neno hilo ndilo limeniweka macho hadi saa hizi za usiku.

Najua tulikolitoa. Tumeumizwa na spea. Umenunua breki zenye jina la Toyota, boksi la Toyota, stika inayong'aa, na baada ya mwezi gari linapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hiyo ndiyo feki: kitu kimevaa jina la mwenzake. Sasa Tamron yangu imevaa jina la nani? Imeandikwa Tamron, tena kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama mlangoni. Kampuni hiyo ipo Japani tangu 1950. Sigma, mtengeneza lenzi mwenzake, ipo tangu 1961, na lenzi zake zinatengenezwa Aizu, mkoa wa Fukushima. Hawa si vijana wa uchochoroni wanaobandika nembo. Tamron ikitoka kwao ni Tamron orijino, kama vile chapati ya mama Asha ni chapati ya mama Asha hata kama sufuria na jiko ni vya jirani.

Na tuongee kuhusu hiyo lenzi yenyewe, maana kwenye kikao hakuna aliyeuliza. Ni 24-70 f/2.8, yaani zumu ya milimita 24 hadi 70 yenye tundu linalofunguka hadi f/2.8 na kuingiza mwanga mwingi, toleo la 2012. Mwaka huohuo Canon nao walileta 24-70 yao mpya, pete nyekundu na mbwembwe zote, kwa dola 2,299. Tamron ilianza kwa dola 1,299. Kati ya hizo mbili, yenye kituliza mtikisiko ni ipi? Ya dola 1,299. Ile nyingine haina kabisa. Wewe unayepiga ibada ya jioni kwenye kanisa lenye taa nne, mbili zimeungua, na mchungaji kakataza flashi, unanielewa. Bibi harusi kapiga magoti, katulia, mimi nimeshusha spidi hadi 1/30 ya sekunde na picha imetoka safi. (Wakianza kucheza, hapo hakuna kituliza kitakachokuokoa. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, muombe Mungu.)

Haya, nikubali na yao. Ukipima pembeni kabisa mwa picha, Canon inachora vizuri zaidi. Nimekubali. Lakini pembeni mwa picha ya harusi kuna nini? Kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa, na mtoto anakula ubwabwa.

Jingine linaloniudhi kweli: pete ya kuzungusha zumu kwenye Tamron inakwenda kinyume na ya Canon. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa navuta pale ninapotaka kupanua. Kuna bwana harusi mmoja wa Mbagala ambaye busu lake la kwanza lipo kwenye albamu bila paji la uso. Nilimwambia ni mtindo wa kisasa.

Wenye kupiga mpira pale kwa Mkapa wana hoja nzito kuliko mpwa wa katibu. Kwenye bodi za haraka za kamera za Sony, lenzi ya kampuni nyingine inaishia picha 15 kwa sekunde hata kama kamera ina uwezo wa mara mbili yake. Kama mkate wako uko golini, lipa. Lenzi za jina pia huuzika haraka ukibanwa na ada ya shule. Na ndiyo, zipo lenzi za zamani za kampuni nyingine ambazo zikikutana na bodi mpya zinaleta ujumbe wa hitilafu badala ya picha.

Ila hebu tuulizane, huo mpaka kati ya "ya kampuni" na "ya nje" uko wapi hasa? Chukua Nikon Z 28-75 f/2.8 na Tamron 28-75 f/2.8 iliyoitangulia kwa miaka kama mitatu. Vioo 15 katika makundi 12, huku na huku. Angalia michoro yao ya vioo, weka moja juu ya nyingine. Sisemi zaidi, macho unayo. Ikiandikwa Nikon wanaiheshimu, ikiandikwa Tamron wananihurumia mimi.

Canon wenyewe hawakuzizuia lenzi za wengine kwa sababu ni mbovu. Walipoleta mlango wa RF, pale lenzi inapoingia kwenye kamera zao mpya, mwaka 2018 waliufunga, na 2022 wakawabana Viltrox, kampuni ya lenzi ya China, kwa madai ya hataza hadi lenzi zao za otofokasi zikatolewa sokoni. Kisha 2024 wakawapa ruhusa Sigma na Tamron, kwa kuanzia lenzi za bodi za sensa ndogo tu. Mtu haweki kufuli mlangoni kuzuia kitu ambacho wateja hawakitaki.

Na mimi pete nyekundu nimewahi kuimiliki, jamani. Niliinunua ya mtumba Kariakoo, kwa pesa yote ya msimu mmoja wa harusi. Canon halisi, hakuna ubishi. Nyumbani nikamulika tochi ndani: fangasi wametandaza matawi kama ramani ya mto Rufiji. Joto na unyevu wa pwani havisomi jina la lenzi. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hayo hayaonekani kwenye picha," na yakawa yanaonekana kila nikipiga kuelekea dirishani. Fundi akataka pesa ambayo ukiongezea kidogo unapata Tamron. Nikaongezea kidogo. Siku hizi Tamron hiyo inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu ninavyookota kwenye maboksi ya viatu vya watu.

Katibu amenitumia ujumbe leo mchana. Kazi kapewa mpwa. Ameniuliza kama siku hiyo nitakuwa na nafasi nimuazime flashi moja, maana yeye anayo lenzi tu.